Ngozi Kavu Haitaki Marashi

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ukiongozwa na mwanasaikolojia Kelly Lewis kutoka Marekani. Wanawake 42 wa jiji hilo waliokuwa wakitumia vipodozi vya kuchubua ngozi waliulizwa sababu zao. Wapo waliotaja weupe, wapo waliotaka kuwapendeza wanaume, wapo waliotafuta sifa mbele ya marafiki. Lakini katika majibu hayo mlikuwa na mambo mawili ambayo wanaoukemea mkorogo huyapita mbio: kuondoa vipele na maradhi ya ngozi, na kupata ngozi laini.

Mambo hayo mawili hayadai weupe. Ni haja ya kila mwenye ngozi kavu na nyeti, ngozi inayopauka saa moja baada ya kuoga, inayowasha usiku hadi shuka linabaki na alama za damu, inayobabuka kwa sabuni ambayo wengine wa nyumba hiyohiyo wanaitumia bila shida. Mtu huyo anaingia duka la vipodozi Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mwananyamala au Tegeta, anaeleza tatizo lake, na jibu halichelewi: "Dada, chukua hii, inalainisha na inatakatisha, wiki moja tu utaniambia." Ikiwa ndani ya kopo hilo mna steroidi kali kama klobetasoli, kweli siku ya pili au ya tatu muwasho unatulia na vipele vinazama. Hapo ndipo mteja anaponaswa. Dawa iliyofichwa imefanya kazi, na yeye sifa anayapa mafuta.

Alichokihitaji mara nyingi kipo rafu ya chini ya duka lilelile, kwa bei ndogo kuliko vyote vilivyopangwa juu yake: mafuta ya mgando yasiyo na rangi wala harufu.

Wengi watalipokea hilo kama ushauri wa kumpa maskini kwa sababu hana uwezo wa kununua kingine. Sivyo. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi. Limejengwa kwa seli zilizokufa, zimepangwa moja juu ya nyingine kama matofali, na udongo unaoyashika ni mafuta ya mwili wenyewe: keramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo yakipungua, maji ya mwilini yanavuka kwenda hewani, na vitu vya nje, sabuni, manukato, vumbi, jasho, vinapenya kuingia ndani. Ngozi inakauka na inawasha kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mwenye ngozi kavu mara nyingi ndiye huyohuyo mwenye ngozi nyeti. Kwa mwenye ukurutu, ambao watu wengi wa Dar wanauita pumu ya ngozi, ukuta huo unavuja muda wote, hata siku ambazo vipele havionekani.

Kazi ya mafuta mazito ni kuziba panapovuja hadi ngozi ijijenge. Mwaka 1872 mkemia Robert Chesebrough alisajili hataza nchini Marekani kwa ajili ya jeli aliyoisafisha kutokana na utando uliokuwa ukigandia mitambo ya visima vya mafuta vya Pennsylvania, akaiita Vaseline. Karne moja na nusu imepita na bado vitabu vya tiba ya ngozi vinaitaja jeli ya aina hiyo, iwe ya kampuni yoyote ile, kuwa ndiyo kizibo bora kuliko vyote: hupunguza uvukaji wa maji kwa takribani asilimia 98, wakati lanolini na mafuta ya maji yanayotokana na petroli huishia asilimia 20 hadi 30. Mgando hauna maji ndani yake, kwa hiyo hauhitaji dawa za kuzuia kuoza. Ukiwa umesafishwa vizuri na haukutiwa marashi, una kitu kimoja tu cha kuishtua ngozi, nacho ni nadra sana kuishtua.

Krimu nzito nazo zina faida zake. Zina maji, zina mafuta, na nyingi zina gliserini, ambayo huvuta maji na kuyashikilia katika tabaka la juu la ngozi. Zinapakika kwa urahisi na hazinati kwenye nguo. Swali la ipi inashinda liliulizwa kwa uangalifu Uingereza, katika jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol na kuchapishwa 2022. Watoto 550 wenye ukurutu waligawiwa kwa kura aina nne za mafuta, yaani losheni, krimu, jeli au marhamu, wakafuatiliwa kwa wiki 16. Hakuna aina iliyoishinda nyingine. Wazazi walitofautiana sana juu ya ipi wanaipenda, lakini ngozi za watoto zilipata nafuu sawa.

Matokeo hayo yalistahili kubandikwa kwenye mlango wa kila duka la vipodozi Kinondoni na Temeke, kwa sababu yanahamisha swali lote. Mnunuzi hana haja ya kuuliza ni kopo gani lina nguvu. Anapaswa kuuliza ni kopo gani halitamchoma, atakalokubali kulipaka kila siku, na ambalo mfuko wake utaweza kulinunua tena likiisha. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Miongozo ya tiba ya Uingereza inataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye ukurutu. Kikopo cha mililita 50 chenye kifuniko cha dhahabu, kilicholetwa na ndege kutoka Dubai, hakimalizi hata siku mbili kikitumiwa kwa kiasi hicho. Mwenye nacho atakipaka kwa ncha ya kidole, kama dawa ya macho, na ngozi itabaki kavu huku yeye akiamini amejitibu.

Watu wa nje hushangaa kusikia ngozi inakauka katika jiji lenye unyevunyevu kama Dar. Kipupwe kina sehemu yake: kuanzia Juni hadi Agosti hewa inapungua unyevu, kusi inavuma, na watu wanaanza kuchemsha maji ya kuoga. Ofisi zenye viyoyozi zina yake pia. Ila chanzo kikubwa kipo bafuni. Sabuni ya mche, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia, inatumika kuogea katika nyumba nyingi kwa kuwa ni ya bei nafuu na inatoa povu la kutosha. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5. Sabuni za magadi hufika 9 au 10. Juu ya hapo lipo dodoki, linalosugua kile ambacho sabuni imeshakilegeza, na kwenye ndoo wengine hutia dawa ya maji ya kuua vijidudu, ile ya kusafishia vidonda. Mtoto mwenye pumu ya ngozi akiogeshwa hivyo asubuhi na jioni, hakuna mafuta duniani yatakayomtosha.

Na yapo maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, lakini pembezoni, Chamazi, Mbagala, Kigamboni, watu wengi wanaishi kwa visima, na visima vingi vya ukanda huo vina chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri katika maji ya namna hiyo. Mtu anaongeza sabuni, na mabaki yake yanagandia ngozini. Watafiti wa Sheffield na London walionyesha mwaka 2018 kwamba maji magumu, yaani yenye chumvi nyingi za madini, huacha ngozini mabaki mengi zaidi ya kemikali za kuoshea, na mabaki hayo ndiyo yanayoikera. Kununua mtambo wa kulainisha maji si jibu. Mitambo hiyo ilijaribiwa Uingereza kwa watoto 336, matokeo yakatolewa 2011, na ukurutu haukupungua. Kilicho ndani ya uwezo wa mtu wa Charambe ni kupunguza sabuni: makwapani, sehemu za siri na miguuni inatosha, kwingine maji matupu. Ikiwezekana, kata mbili za mwisho ziwe za maji ya bomba au ya mvua.

Kisha mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na majimaji, ndani ya dakika chache baada ya kutoka bafuni. Taulo lipapase, lisisugue. Mgando ukipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hukosa maji ya bafuni ya kuyafungia ndani, na wanaosema "mgando haunisaidii" mara nyingi wanaupaka wakiwa wameshavaa, wanatafuta kung'aa tu mikononi na miguuni kabla ya kupanda daladala.

Pwani haikungoja Chesebrough ili ijue kujipaka mafuta. Nazi inakunwa, tui linakamuliwa, linachemshwa taratibu hadi mafuta yanajitenga na masimbi, na chupa inawekwa kando kwa ajili ya nywele, mtoto mchanga na miguu ya bibi. Ujuzi huo una ushahidi nyuma yake. Huko Ufilipino, mwaka 2014, madaktari waliwapaka watoto 117 wenye ukurutu mafuta bikira ya nazi au mafuta ya maji ya petroli kwa wiki nane, na waliopakwa nazi walipata nafuu kubwa zaidi. Mafuta ya nazi pia hudhoofisha bakteria wanaopenda kuota kwenye ngozi yenye ukurutu. Lakini ni mepesi, huyeyuka katika joto la Dar na kutiririka, kwa hiyo kwa ngozi iliyokauka sana yanafaa kuwa ya kwanza, na mgando ufuate juu yake. Yanayouzwa kandokando ya barabara kwenye chupa za maji zilizotumika yanahitaji jicho na pua: yakinuka uchachu, yameharibika, na mafuta yaliyoharibika huichoma ngozi nyeti.

Mafuta ya zeituni ni habari nyingine, na hapa inabidi kusema jambo ambalo akina mama wengi wa Dar hawatalipenda. Kichupa cha zeituni kinaheshimiwa, kina baraka za vitabu vitakatifu, na hununuliwa kwa ajili ya kumkanda mtoto tangu siku zake za kwanza. Chuo Kikuu cha Sheffield kiliyapima mwaka 2013 kwenye ngozi za watu wazima. Zeituni ililegeza ukuta wa ngozi na kuleta wekundu kidogo, hata kwa watu wasiowahi kuugua ukurutu. Mafuta ya alizeti, yaliyopimwa katika utafiti huohuo, yaliuacha ukuta salama. Miaka minane kabla ya hapo, katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 41 wa kupata maambukizi ya hospitalini kuliko wasiopakwa. Tofauti iko kwenye asidi: zeituni imejaa oleiki, alizeti ya kawaida imejaa linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujengea keramidi zake. Tanzania inalima alizeti Singida na Dodoma, magunia kwa magunia, na karibu yote yanaishia kwenye kikaango. Zeituni ibaki kwenye chakula na kwenye ibada. Ngozi ya kichanga inafaa iwekwe mbali nayo.

Kuhusu harufu, msimamo unaofaa ni mkali. Manukato ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa ngozi unaoletwa na vipodozi, na Waswahili wa pwani ni watu wa marashi: asmini, langilangi, mawaridi, udi, liwa, na singo ya bibi harusi inayosagwa kwa maua na viungo. Ni mambo mazuri na hakuna anayetaka yafe. Yakae kwenye nguo, kwenye kanga, kwenye chetezo, na kwa ngozi isiyo na matatizo. Mwenye ngozi nyeti akisuguliwa singo siku tatu kabla ya harusi, anaweza kuingia ukumbini na uso uliovimba. Gliserini iliyochanganywa na marashi ya waridi, mchanganyiko unaopendwa sana mitaani, inamfaa tu ikibadilishwa marashi kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Limao lisitiwe kabisa. Likikutana na jua linaunguza.

Nyuma ya kopo kuna maandishi madogo, na sehemu muhimu kwa mnunuzi ni chache. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kuelekea kilicho kidogo. Neno "petrolatum" au "glycerin" likiwa miongoni mwa manne ya mwanzo, hiyo ni dalili njema. "Parfum" au "fragrance" popote pale, rudisha rafuni. "Methylisothiazolinone", dawa ya kuzuia kuoza, ilipigwa marufuku Ulaya katika vipodozi visivyooshwa tangu 2017 kwa sababu ya mzio ulioenea, na hakuna sababu ya ngozi ya Temeke kuvumilia kilichokataliwa kwingine. Neno "natural" halimaanishi chochote, na picha ya parachichi au tone la asali haielezi ni kiasi gani cha kitu hicho kimetiwa humo. Hata kopo lililochaguliwa vizuri lijaribiwe kwanza: paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima, mahali palepale. Pakiwa salama, endelea mwili mzima.

Hoja ya joto ina ukweli wake. Mgando mwili mzima saa saba mchana mwezi wa Februari ni adhabu, jasho halipiti, vinyweleo vinaziba na vipele vya joto vinatoka. Njia inayofuatwa na wengi waliofaulu ni kugawa: krimu isiyo na harufu mchana, mgando usiku. Usoni, hasa kwa mwenye chunusi, mgando na nazi vikae mbali, na krimu yenye gliserini ichukue nafasi. Magaga ya kisigino yanataka kitu chenye urea, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, mradi isiguse ngozi iliyopasuka wala ya mtoto, kwa maana inachoma. Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha katika nyumba zenye jiko la mkaa na mishumaa: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya kupaka hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi. Mashuka ya mgonjwa yafuliwe mara kwa mara, na aliyejipaka asiinamie moto.

Yote haya yako mikononi mwa mnunuzi. Yapo yasiyo mikononi mwake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la Uingereza kuhusu watu wazima 60 waliougua figo; zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ilichukua hadi 2023, huko Geneva, kwa nchi za Mkataba wa Minamata kukubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo 2025, bila kubakiza kiwango chochote cha kuvumiliwa. Sheria za Tanzania zinazikataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Steroidi ndizo zinazoponyoka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ni dawa halali inayouzwa mahali pasipo pake. Tangu 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilipogeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), vipodozi vilihamia Shirika la Viwango, TBS, na dawa zikabaki TMDA. Bomba la klobetasoli lililopangwa kati ya losheni na rangi za kucha ni dawa ndani ya duka la vipodozi, na mkaguzi wa kila upande anaweza kuliona kuwa ni la mwenzake. Ukaguzi wa pamoja, duka kwa duka, kuanzia Rangi Tatu hadi Bunju, ungemsaidia mwenye ngozi nyeti kuliko semina kumi za kumkanya asijichubue. Vilevile maandishi ya Kiswahili kwenye kila kopo. Rafu za Tandika zimejaa Kifaransa na Kiingereza, na anayejipaka ana haki ya kusoma kilichomo.

Tena uwezo wa kutengeneza mafuta yanayofaa upo nchini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kinafanya kazi tangu 1992, na hapo ndipo inapotengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino wa Tanzania na kugawiwa kwao kupitia kliniki zinazowafuata walipo. Haikutengenezwa ili ipendeze dukani. Ilitengenezwa kwa ajili ya ngozi fulani, katika jua fulani, kwa watu wasiomudu bei ya bidhaa za nje. Mafuta mazito ya ngozi kavu ni rahisi kutengeneza kuliko kinga ya jua: mgando uliosafishwa, gliserini, pengine alizeti ya Singida, basi. Bohari ya Dawa ingeweza kuyaweka katika makopo ya nusu kilo, yakatolewa kwenye dirisha la dawa la zahanati za Chamazi na Bunju kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, pamoja na maelezo ya mdomo ya dakika tano kuhusu sabuni na dodoki. Kwa sasa wazazi wengi huondoka na bomba dogo la steroidi peke yake, kisha hupitia duka la vipodozi kutafuta kilichobaki.